Ukurasa wa Mipaka

Mbale, chumba cha juu ya duka la mbolea,
Barabara ya Naboa, saa tano usiku.
Umeme umekatika mara mbili.
Naandika ukurasa ambao hakuna aliyeutaka
hadi Jumanne, Nabifo aliponipigia simu kutoka Budadiri:
"Gidudu, mashine yako inamwaga."

Tuliipangia kazi ya mtoto:
chota gramu mia za kahawa, tia pakitini,
chota tena, jumlisha,
na jumla ikiwa sawasawa na kilo moja, simama.
Ikachota mara kumi.
Haikusimama.
Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Pakiti ikapasuka,
nayo ikaendelea kuchota kwa adabu zote, bila hasira,
hadi Nabifo alipong'oa waya ukutani,
kilo sitini za kahawa zikiwa sakafuni
na paka wa ghala akizipanda kama kichuguu.

Haba na haba hujaza kibaba.
Tulifundishwa hivyo darasa la tatu, nikaamini,
nikaiandika imani yangu kwenye mstari wa arobaini na moja.
Kumbe humo ndani haba kumi hazijazi kibaba.
Zinafika
0.9999999999999999
na kukaa hapo,
upungufu usioonekana hata ukiufagia.

Basi andika, mwanangwa. Lugha uliitunga mwenyewe.

Andika kwamba inagawa kwa mbili tu:
nusu, robo, thumni, nusu ya thumni,
kama ndugu wanaokataa kwamba yupo wa tatu.
Andika kwamba fungu la kumi hailijui.
Kila Jumapili ingetoa karibu na zaka,
ikizidisha chembe, na mchungaji asingegundua,
lakini mbinguni, nadhani, kuna anayehesabu.

Andika mpaka wa juu: tarakimu mia tatu na tisa.
Mchanga haufiki huko, wala nyota, wala deni la serikali.
Ukivuka, mashine haisemi "nimeshindwa".
Inasema "isiyo na mwisho"
kwa sauti ileile iliyosemea mbili.

Andika mpaka wa chini, namba inapokonda
na kukonda hadi kuwa sifuri,
bila kilio, bila matanga.

Na ule wa katikati, usio na kibao wala askari:
9007199254740992.
Ongeza moja.
Tazama. Ni ileile.
Ni mvulana mmoja zaidi aliyejitosa kwenye umati wa imbalu,
amepakwa unga, njuga zinalia mapajani,
na umati haukuongezeka.
Mama yake tu ndiye angejua kwamba aliingia.

(Hapa nilisimama kidogo. Nikafuta "mama yake".
Nikairudisha.)

Kuna pia kitu kiitwacho Si-Namba.
Kiulize: wewe ni wewe?
Kitajibu: hapana.
Maelezo ya hilo niliyaacha wazi, nikaenda kuchemsha chai.

Ushauri kwa mtumiaji:
usiulize kamwe kama namba mbili ni sawa.
Uliza zimekaribiana kiasi gani,
na uamue mapema, kabla ya kahawa kumwagika,
ni pengo gani utalivumilia.
Nilipoandika hayo nikaukumbuka mkono wa Nabifo
kwenye mizani ya zamani, ile yenye mshale:
mshale ukitetemeka karibu na alama,
yeye husema "inatosha", hufunga mdomo wa gunia.
Miaka ishirini, hajamwaga.

Alfajiri nikamtumia ukurasa wote.
Jibu lilikuja kabla ya jua kuupita Wanale:

"Nimesoma. Ni kweli tupu, isipokuwa mahali pamoja.
Umeandika kilo sitini.
Zilikuwa sitini na kidogo.
Hicho kidogo pia utakilipa."