Boksi la Sijui

Mvua ya kwanza ya Oktoba ilipita kwenye bati
pale pale ilipopita mwaka jana,
juu ya mwamba unaoshikilia ukuta wetu wa nyuma, huku Mabatini,
nami nikaamka saa nane usiku
kuhamisha vitambaa kama mtu anayehamisha watoto.

Asubuhi ndipo nilipoona wingi wake.
Kabati zima. Masanduku mawili ya bati.
Chini ya kitanda, salfeti tatu za mchele wa Sengerema,
ndani yake hakuna hata punje ya mchele.
Lubinza akasimama mlangoni na kikombe chake.
"Kumbe nimeoa duka," akasema,
akaenda zake kazini.

Kalunde alitaka tupange kwa rangi,
nyekundu kwa nyekundu, kama alivyoona sijui wapi.
Nikamwambia rangi haishoni gauni, mwanangu,
gauni hushonwa na yadi.
Tukabishana mpaka chai ikapoa.
Mwishowe tukapanga kwa uzito, jambo ambalo hakuna aliyelitaka:
jinzi na kaki chini, zibebe wenzao;
vitenge katikati, vimekunjwa kwa upana wa rula yake ya shule
("mkunjo mmoja, Mama, sio kila kimoja na wake");
lesi na shifoni juu, mahali pa vitu vinavyojiona.

Lakini kwanza jua.
Kitambaa kikikunjwa na unyevu huota madoa meusi
yasiyotoka kwa sabuni wala kwa sala.
Tukavitandaza juu ya mawe, jiwe moja doti mbili,
mpaka kilima kikaonekana kimevaa.
Mama Ng'wasi akapaza sauti kutoka kwake:
"Ni harusi au msiba, tujiandae?"
Kisha upepo wa ziwani ukapanda
na harufu ya dagaa wa Kirumba,
nikavianua mbio,
kwani nilishawahi kumkabidhi mteja blauzi,
akaivaa kanisani, na paka wa paroko
akamfuata mpaka kwake.

Majani makavu ya mwarobaini, kila pembe.
Kipande cha sabuni ya kuogea katikati ya lesi.
Hayo nayajua.

Nisichokijua ni pa kuziweka
yadi tisa za buluu ya shule iliyobadili sare,
na mkono wa batiki, mkono mmoja tu,
na satini ya kijani ya Modesta, imebanwa kwa pini
na karatasi: kifua 38, kiuno 31,
amelipa nusu, harusi Juni.
Juni ipi, karatasi haisemi.
Mwezi uliopita tulikutana Mlango Mmoja,
tukasalimiana vizuri mno,
tukaulizana habari za nyumbani, za kazi, hata za kuku,
kila mmoja akiomba mwenzake asiitaje.

Kalunde akachukua boksi la biskuti,
akaandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito:
SIJUI.
Kufika saa kumi lilikuwa limeyashinda yote kwa kujaa.

Chini kabisa ya sanduku la pili, pande la hariri,
rangi ya ziwa dakika chache kabla ya mvua.
Nililinunua kwa mchuuzi aliyeshuka melini kutoka Bukoba,
mwaka ule nilipopata cherehani yangu mwenyewe.
Nikasema nitalikata nikishajua kukata.
Tangu hapo nimekata magauni ya wake za watu, majoho ya kwaya,
mapazia ya ofisi, suruali za marehemu wawili.
Nililitunza vizuri.
Lina mistari minne myeupe
mahali nilipolikunja nikilitunza.

"Na hili?" akauliza Kalunde, boksi kiunoni.

Nikachukua chaki.
Nikaishika kitambo.
Nikaiweka.

"Likunje upya," nikamwambia,
"ila usiifuate mistari ile."