Mpira na Gundi

Mimi fundi baiskeli, Isevya, karibu na mashine ya kukoboa.
Tangu nina miaka kumi na minne mikono yangu inajua vitu viwili:
mpira, na gundi.
Kwa hiyo Daktari Siwema aliposema,
"Tunaweza kufunga kwa mpira, au kuziba kwa gundi,"
nilidhani ananitania.

Usiku wa Jumanne Kabula alitapika damu
kwenye beseni la bluu, lile ninalozamishia tyubu kutafuta pancha.
Nusu beseni. Nyeusi kama oili chafu, na mabonge.
Nikamfunga kwa kanga mgongoni pangu, nikapiga pedeli hadi hospitali ya mkoa,
na kila tuta lilinidai.

Miaka ishirini ya majaruba ya Puge,
maji ya magotini, konokono, kichocho
kimepanda bila kubisha hodi hadi kwenye ini,
ini likakaza kama ngozi ya ngoma.
"Damu ikifika pale," daktari alisema, "inakuta mlango umefungwa.
Inageuka, inatafuta vichochoro.
Vichochoro vinavimba. Kimoja kinapasuka."
Nikasema: kama tyubu inayochungulia kwenye tairi lililochanika.
"Hivyo hivyo, fundi."

Akanionyesha kwenye kioo.
Bomba jeusi lenye jicho na taa linashuka ndani ya dada yangu.
Kwenye umio, mishipa imenyooka, myembamba:
"Hii ningeivuta, niibane kwa kijipete cha mpira,
inyauke, idondoke kama kitovu cha mtoto."
Kisha tumboni, juu kabisa, kwenye kuba:
kishada cha zambarau zilizoiva, kinapumua.
"Hapa mpira unashika nusu, nusu inabaki nje.
Na ukishika, siku ya saba unadondoka, unaacha kidonda,
na chini ya kidonda mshipa bado uko wazi."

"Na ile sindano ya zamani, ya kukausha?"
aliuliza kijana wa mafunzo.
"Damu hapa inakimbia. Itaifagia dawa kabla haijauma."

Gundi, basi.
Yake si kama yangu, ya kupaka, kupuliza, kuhesabu hadi mia.
Ikigusa damu inakuwa jiwe.
Ukichelewa kuchomoa, sindano inabaki humo.
Ukizidisha, chembe inasafiri hadi pafuni.
Alinisomea yote hayo kabla sijatia sahihi;
dole gumba langu liliacha grisi kwenye karatasi.

Nikauliza swali la kifundi: ipi inadumu?
"Hapo kwenye kuba, mpira huvuja tena mara nyingi zaidi.
Gundi, mara chache.
Sijasema kamwe."
Nami wateja wangu huwaambia hivyo hivyo.

Sista Ngollo akashika bomba la sindano.
"Sasa."
Kioo kikawa chekundu, chote,
sikuona tumbo, sikuona dada.
Maji yakaosha lile jicho.
Kishada kilikuwa kigumu, kimetulia.
Daktari akakigusa kwa ncha, taratibu,
kama ninavyobonyeza kiraka kwa kidole
nisiamini bado.

Kesho yake Kabula alikunywa uji uliopoa, akauliza:
"Kibandani umemwacha nani?"
Amepewa vidonge vya kupunguza msukumo wa damu,
na tarehe ya kurudi kuchunguliwa tena.

Beseni la bluu nililisugua mara tatu kwa majivu, kisha nikalitupa.
Leo mtoto wa Cheyo kaleta tyubu. Nimeizamisha kwenye beseni jipya, la kijani.
Mapovu yakapanda.
"Fundi, si hapo hapo?"
Nimepaona. Nilikuwa nahesabu viraka vya zamani: vitano,
na vyote vimeshika.
Nikapiga msasa, nikapaka, nikapuliza, nikahesabu hadi mia, nikabandika.
Alipoondoka nikamwita arudi, nikamwambia:
upepo usizidishe.