Sababu za Kubadilisha Usukani

Vitabuni ni usukani. Hapa Essence tunasema vola,
na mimi ndiye ninayezivua na kuzivika ngozi,
sindano ya gunia mdomoni, uzi wenye nta,
kibanda cha mabati kati ya muuza betri
na kijana anayechaji simu za watu.

Simuulizi mtu sababu. Wanasema wenyewe.

Jua limeula mpira, anasema mmoja,
unanata kama ugali usioiva, nafika Panzi
viganja vyeusi, abiria wanadhani nauza makaa.
Mwingine, gari lake lilizaliwa likishikwa kulia;
wamelihamishia kushoto, wamekata dashibodi kwa msumeno,
na sasa akienda moja kwa moja
usukani unatazama ziwa.
Bisimwa anataka ule mdogo wa magari ya mashindano,
mwekundu, wa chuma chenye matundu.
Gari lake halijawahi kupita gia ya tatu.
Barabara haijaruhusu.
Mchungaji wa Kadutu hana neno na usukani;
shida ni ile alama ya katikati,
ameiona katika maombi ya usiku ikiwa na pembe.
Nimemshonea kifuniko. Honi sasa inalia kwa kubembelezwa.

Kuna Mugisho: vidole viwili vilibaki kwenye mashine ya mihogo.
Nikamnenepeshea upande wa kushoto, kamba na ngozi ya mbuzi,
hadi mkono ukapata pa kukaa.
Ngozi sikumtoza.

Waongo nao wapo. Yule aliyeapa mfuko wa hewa
ulipasuka wenyewe, gari likiwa limelala:
nilikuta jino ndani ya kitambaa.
Nikamrudishia kwenye bahasha, pamoja na risiti.

Nabintu alikuja mvua ikiwa imetukalia wiki nzima.
Usukani wake ulikuwa mzima.
Niliupapasa, nikaugeuza, nikaunusa:
wa kiwandani, ngozi ambayo mimi sina.
Dada, nikamwambia, hapa nitakula pesa yako bure.
Akanishika mkono, akauweka mahali,
juu kidogo, kushoto, kisha kulia.
Vishimo viwili vya dole gumba,
vimechimbwa na ukucha wa miaka tisa.

“Ni vya Zihalirwa. Alikwenda Kamituga kwenye dhahabu.
Mwaka wa tatu huu. Namba yake
siku hizi inapokelewa na mtu mwingine.”

Nikasubiri. Sindano mdomoni husaidia kunyamaza.

“Nimejifunza. Leseni ninayo, abiria wananijua kwa jina.
Lakini vidole vyangu huteleza hadi ndani ya vyake.
Kila kona ya Nyawera
ni yeye anayepinda.”

Nilimfungia mwingine, mwembamba,
wa gari lililofia kule Ruzizi,
ngozi ya kahawia, mshono wa mfupa wa samaki,
dola kumi na nane, tano zikabaki deni.
Ule wa zamani hakuutaka. Uko hapa msumarini.
Watu huuliza bei. Nasema umeshauzwa.

Akawasha. Akarudi nyuma vizuri.
Akapinda kutoka kwangu, akapinda mno,
maana usukani mdogo husikia haraka,
na bampa ikabusu meza ya Mwamini:
beseni zima la sambaza, chini, kwenye tope.
Makelele. Wenye pikipiki wakasimama kutoa ushauri.
Kijana wa simu akapaza sauti:
ni vola mpya hiyo, mama, bado hajaizoea!
Nami nilikuwa njiani nikija na neno hilohilo.

Nabintu alishuka. Akahesabu faranga, noti moja moja,
kisha akachuchumaa kando ya Mwamini
kuokota samaki.
“Si vola,” akasema, tope hadi kiwikoni,
kicheko kikimpigania kona za mdomo.
“Ni mimi niliyepinda.”