Kofia Moja, Vichwa Tisa

Tuna kofia moja ya mazoezi, sisi tisa.
Inaning'inia msumarini karibu na swichi,
nyekundu ilipokuwa mpya, sasa rangi ya ini,
sponji imekatika sikio la kushoto,
na ndani mna jasho la Jumanne lisilokauka,
maana Mombasa haikaushi kitu mwezi wa Aprili.

Naishika. Nainusa. Nairudisha.
Dzombo ameshakaza glovu kwa meno,
anarukaruka juu ya mkeka, ananingoja.
"Unavaa au huvai?"

Mchana kutwa, Kilindini, nimevaa helmeti ya manjano
nikihesabu makontena ambayo, miaka sita sasa,
hakuna hata moja lililoniangukia.
Nikiivua dakika moja nijifute uso
msimamizi anaandika jina langu daftarini.
Jioni napanda ngazi hizi za Tononoka
kukutana na teke ambalo najua litakuja,
najua hata ni mguu gani,
na hapo ndipo nasimama kujiuliza.

Mwalimu Mbwarali hakuvaa.
"Sisi tulipigana vichwa wazi," asema.
"Kofia humtia mtu upofu wa pembeni.
Teke la duara hulioni, utalisikia tu likishafika."
Ni kweli. Nimewahi kuivaa nikajihisi
naitazama dunia kwa tundu la ufunguo.
Na ipo kweli nyingine, ya Dzombo mwenyewe:
nikivaa, hanionei huruma.
Anapiga kama anayegonga mlango wa mdeni wake.
"Si umevaa?" asema.

Dada yangu Mwanakheri, nesi wa zamu ya usiku,
alinishika kidevu akanigeuza kwenye taa.
"Kofia itakulindia nyusi, pua, jino.
Lakini ubongo, ndugu yangu, ni yai ndani ya birika.
Lifunge birika blanketi, ulitikise,
kisha njoo unieleze yai liko vipi."

Basi nivae kwa ajili ya nyusi,
au nisivae kwa ajili ya macho?
Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Zangu zi mle, zimenasa kwenye gundi ya sponji
pamoja na za Chengo, za Shebwana,
na za yule kijana wa Kisauni
aliyekuja mara mbili akatoweka na ada.

Mwalimu anasogea. Mkono wake begani mwangu
ni mzito, na una mapenzi.
"Umefunga mlango, Faraji?"

Faraji ni kaka yangu.
Aliacha mazoezi kabla mimi sijabaleghe.

"Nimefunga, mwalimu."
Anatikisa kichwa, kile kichwa wazi,
anarudi ukutani alikoandika majina yetu kwa chaki
na, chini yake, siku za juma.

Sijui kama ni ngumi.
Huenda ni umri, huenda ni sukari.
Hakuna aliyempeleka kupimwa.
Sisi hucheka tu, tukasema mzee anatania.

Naitoa kofia msumarini.
Naivaa na harufu yake yote,
naikaza kamba chini ya kidevu, inauma,
kisha namwendea Dzombo hadi glovu zinagusana.
"Leo nusu," namwambia. "Nipige kama sikuvaa."
Anakunja uso. "Sasa ya nini kuvaa?"
Sina jibu la maana.
"Kesho nina makontena," nasema.

Anacheka.
Teke la kwanza latoka kulia, upande nisioona,
likanigusa shavu
kama mkono unaomwamsha mgonjwa anywe dawa.

Nyuma yetu, ile sauti:
"Faraji, umefunga mlango?"
"Nimefunga, mwalimu."

Uko wazi. Feni iliungua tangu Idi,
na sisi tisa twahitaji hewa.