Nakala Kivuli

Mama Shadhili aliingia dukani kwangu, Tandika,
na pasipoti saizi ya mwanawe.
"Nitolee mia mbili."
Bei hatukutaja.

Ya kumi, nyusi zinaonekana.
Ya tisini wino ukaanza kukata,
kijana akabaki kola na masikio.
"Endelea tu," akasema. "Mimi namjua."

Wakabandika Buza, Mtoni, hadi Kwa Azizi Ali.
Simu zikaita:
kaonekana Mbagala, kaonekana Kigogo,
saa ileile,
na shati la bluu
ambalo liko nyumbani kwenye beseni, halijafuliwa.

Leo mteja kaleta cheti cha kuzaliwa.
Nafunua mashine:
Shadhili, kifudifudi juu ya kioo,
tangu Jumanne.

"Subiri kidogo," nikamwambia.
"Kuna mtu."