Tanbihi ya Thelathini na Moja

Umeme umekatika tena hapa Bel-Air.
Nasahihisha kwa mshumaa kazi ya Chola Mwewa,
kurasa sitini na nne, gundi ya jalada bado inanata.
Kichwa: King'ora cha Kampani na Asubuhi za Katuba.

Utangulizi si wake.
Sauti hii naijua, imepita mezani kwangu
mwaka jana na mwaka juzi, chini ya majina mengine:
"Tangu zama za kale, binadamu..."
Nakata alama tatu. Mkono hautetemeki.

Sura ya pili inasuasua.
Daftari la kampani linasema king'ora kililia saa kumi na moja.
Tata Ngosa, mpiga nyundo mstaafu, anasema saa kumi,
na wenzake wawili wanamuunga mkono.
Wanafunzi wengi hapo huchagua:
karatasi ina muhuri, mzee ana mvi,
wanainamia upande mmoja, wanaendelea.

Chola ameandika, "Sijui bado,"
akaruka mstari.

Ukurasa wa arobaini na tisa, chini kabisa,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
"Tata Ngosa hakuwahi kuwa na saa.
Nilimuuliza alijuaje. Alisema mkewe alikuwa akipuliza makaa.
Tarehe sita Juni nilitoka mlangoni kwake gizani,
nikatembea hadi geti la kiwanda, kwa viatu vya kaka yangu.
Dakika hamsini na mbili."

Basi. Hakuna zaidi.

Kumbe wazee hawakuwa wakitaja king'ora,
walikuwa wakitaja nyayo kwenye sakafu ya baridi.
Kampani ilianza kuhesabu siku getini.
Saa ile, kasoro dakika nane,
haikulipwa na mtu, haikuandikwa na mtu,
mpaka msichana huyu akaipima kwa miguu
na kuiweka mahali ambapo jopo halisomi.

Mwanangu, nani alikufundisha
kuitupa shaba kwenye mlima wa taka?

Naandika pembeni: Hii ndiyo kazi yako. Ipandishe juu.
Zile kurasa tano za mwanzo, zichane.
Kumi na mbili. Nafuta. Kumi na tano.
Nafuta tena, utangulizi ule bado unanikera,
na karatasi imeanza kutoboka.

Mshumaa umebaki kidole.
Kesho, mbele ya wenzangu waliovaa tai,
nitamuuliza swali moja tu:
vile viatu vya kaka yako,
vilikupwaya?