Shibiri Moja

Alikichora nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto,
kwa penseli, mstari umefutwa ukarudiwa;
upande wa pili kilo za mwanawe zilikuwa zinapanda
mwezi kwa mwezi, kisha zikanyamaza.
"Kisizidi hapa," akasema,
toka ncha ya kidole cha kati hadi kifundo cha mkono.
"Shibiri moja, mpini pamoja."

Veneranda Kikoti, mgema utomvu wa misindano.
Vidole vyake vinanata, na hela yake inanata,
noti tatu nikazibandua moja moja.
Nikamuuliza cha nini.
Yordani akaacha kuvukuta.
"Kule msituni," akasema, "kuna njia moja tu ya kurudi."
Sikuuliza tena. Makaa yalikuwa yanaliwa bure.

Chuma nilikuwa nacho: kipande cha springi
ya lori la mbao lililolala Kitonga mwaka wa mvua kubwa.
Chuma kilichozoea mzigo hakivunjiki ovyo,
kinapinda, kinakumbuka, kinarudi.
Nikakipasha hadi kikaiva kama nyanya ya Ilula,
nikakilaza juu ya fuawe, nikakipiga,
kikalalamika, kikalainika, kikalala ubapa.

Yeye alichora makali pande mbili.
Nilikataa. Kisu cha kufichwa hulala na mwenyewe,
na makali ya pili hayamjui aliyeyalipia.
Nikakipa mgongo mnene wa kuegemea kidole gumba,
tumbo jembamba kama jani la mkaratusi,
mpini wa pembe ya ng'ombe, mfupi, bila kichwa,
usije ukainua nguo, usije ukamwita mtu.
Nikakizima katika mafuta ya alizeti;
karakana nzima ikanukia maandazi.
Yordani akacheka. Mimi nikashindwa.

Halafu kukipasha tena, polepole, kusubiri rangi:
njano ya mabua, kahawia,
na kabla ya zambarau, toa!
Ukichelewa pumzi moja umetengeneza kijiko.

Ala ya ngozi ya mbuzi, kamba ya kiunoni.
Sitoi kitu cha kuvaliwa kabla sijakivaa:
nikakifunga chini ya sweta, nikaenda sokoni Mafinga.
Hakuna aliyekiona. Kazi nzuri.
Ila mimi nilianza kuona.
Ndelwa, ambaye hajanilipa bawaba mbili tangu Pasaka,
akaja na kicheko chake, akanikumbatia kama kawaida,
na macho yangu yakatua pale kifungo cha koti kilipokatika,
yakapima.
Vidole vitatu kutoka ubavuni.
Yakapima tena.
Nikarudi nyumbani bila chumvi niliyotumwa.
Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwaambia wengine.

Visu vyangu vyote vina alama kwenye pete ya shaba:
nukta mbili na mkato.
Hiki sikukigonga.

Jumamosi alikuja na ukungu, mabuti ya mpira hadi magotini.
Akakichomoa, akakipitisha kwenye unywele mmoja, ukakatika.
Akakigeuza. Akatafuta.
"Alama yako iko wapi, Tweve?"
Nikasema nimesahau.
Akanitazama jinsi mtu anavyoutazama mti
uliokwisha kugemwa na mwingine.

Nikachukua patasi ndogo.
Nukta. Nukta. Mkato.

Akakifunga chini ya kanga, akazunguka,
akainama kama anayegema shina la chini,
akatembea hadi mlangoni, akarudi.
"Kinaonekana?"
"Hakionekani," nikamwambia,
na nilikuwa nakiona.